Mama, Mtoto na Utafiti: Somo kwa Kaya Zinazozungumza Kiswahili Jijini Johannesburg

Madhumuni ya somo

Katika kliniki na hospitali za umma za Johannesburg, mama mjamzito hukutana na mambo mawili yanayofanana kwa sura lakini yanayotofautiana kwa sheria. La kwanza ni matibabu: kupimwa damu na mkojo, kupewa vidonge, kuchanjwa, kuzalishwa. La pili ni utafiti: mtaalamu wa afya humwomba mama, au humwomba kwa niaba ya mtoto wake, akubali kushiriki katika uchunguzi wa kupata maarifa mapya. Mambo hayo hufanyika mara nyingi chini ya paa moja, na wahusika huvaa sare zinazofanana.

Kwa kaya iliyohamia kutoka Bukavu, Kigoma, Mombasa au Bujumbura, na ambayo bado inajifunza lugha za jiji hili, kuchanganya mambo hayo ni rahisi, na madhara yake ni makubwa. Mama anayehofia kufanyiwa majaribio bila kujua huweza kuacha kwenda kliniki hadi siku ya uchungu. Mama anayedhani kwamba karatasi ya utafiti ndiyo tiketi ya matibabu huisaini bila kuielewa. Wote wawili wamepoteza haki yao.

Mwisho wa somo hili, msomaji ataweza kueleza tofauti kati ya matibabu na utafiti, kujua jinsi akina mama wa Afrika Mashariki na Soweto walivyochangia huduma zinazotolewa leo, na kumsaidia mama yeyote wa kaya yake kuamua kwa hiari anapoalikwa katika utafiti.

Tofauti kati ya matibabu na utafiti

Matibabu humlenga mgonjwa aliyepo mbele ya daktari, kwa njia ambayo tayari imekubalika. Utafiti hulenga kujibu swali ambalo bado halina jibu, na faida yake huweza kuwafikia watu wengine miaka mingi baadaye. Ndiyo maana matibabu hayahitaji mama awe mshiriki wa utafiti wowote, na utafiti hauwezi kufanywa bila ridhaa yake.

Tafiti za afya ya mama na mtoto ni za aina nyingi, lakini tatu zinatosha kuonyesha jambo lenyewe.

Aina ya kwanza ni uchunguzi wa vifo. Tangu mwaka 1997, kila kifo cha mama kinachotokana na ujauzito au uzazi nchini Afrika Kusini hutakiwa kuripotiwa, na kamati ya kitaifa huchunguza kwa siri sababu zake. Lengo si kumtafuta wa kuadhibiwa, bali kujua ni wapi msaada ulichelewa, ili mama mwingine asife kwa sababu ileile.

Aina ya pili ni ufuatiliaji. Mwaka 1990, katika muda wa majuma saba hivi, watoto 3273 waliozaliwa Soweto na Johannesburg waliandikishwa katika utafiti ulioitwa Birth to Twenty. Hawakupewa dawa yoyote mpya. Watafiti walipima ukuaji wao na kuuliza juu ya maisha yao, mwaka baada ya mwaka, hadi wakawa watu wazima na baadhi yao kupata watoto wao wenyewe.

Aina ya tatu ni jaribio la kitabibu. Hapa washiriki hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, mithili ya kupiga kura, ili kila mmoja awe na nafasi sawa ya kuingia kundi lolote. Kundi moja hupewa dawa au chanjo inayochunguzwa. Jingine hupewa matibabu ya kawaida au, pale inaporuhusiwa, kitu kisicho na dawa ndani yake, kiitwacho plasebo. Mfano ni utafiti uliofanyika Soweto mwaka 2011 na 2012. Wajawazito 2116 wasio na virusi vya UKIMWI walishiriki. Baadhi walichanjwa dhidi ya virusi vya influenza, yaani mafua makali, na wengine walichomwa sindano ya maji ya chumvi. Mtoto mwenye umri wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hiyo yeye mwenyewe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba mama akichanjwa akiwa mjamzito, uwezekano wa mama na mtoto kuugua ugonjwa huo hupungua kwa karibu nusu. Kinga ya mama ilikuwa imevuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kisa cha Soweto, Durban, Dar es Salaam na Kampala

Katika miaka ya 1990, virusi vya UKIMWI vilikuwa vikipita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa ujauzito, uzazi na unyonyeshaji, na katika sehemu kubwa ya Afrika hakukuwa na kinga yoyote kwa watoto hao. Mwaka 1994, utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa ya zidovudini ingeweza kupunguza maambukizi hayo kwa takriban theluthi mbili. Lakini dawa hiyo ilitakiwa kuanzwa mapema katika ujauzito, kutolewa kwa dripu wakati wa uchungu, na kuendelea kwa mtoto kwa wiki 6. Gharama yake haikuwa ya kufikiwa na hospitali nyingi za Afrika.

Swali likawa: je, tiba fupi na rahisi zaidi ingeweza kusaidia? Mwaka 1996 ulianza utafiti ulioitwa Petra, uliowashirikisha wajawazito wenye virusi katika miji ya Johannesburg na Durban nchini Afrika Kusini, Dar es Salaam nchini Tanzania, na Kampala nchini Uganda. Jijini Johannesburg, kazi hiyo ilifanyika Soweto. Jumla ya wanawake 1797 waliingia katika utafiti huo. Makundi matatu yalipewa dawa mbili, zidovudini na lamivudini, kwa vipindi tofauti, na kundi la nne lilipewa plasebo.

Utafiti huo na mingine ya namna hiyo ilizua mjadala mkali duniani. Wakosoaji waliuliza: ikiwa dawa inajulikana kusaidia, ni haki gani kumpa mama wa Kiafrika kidonge kisicho na dawa, jambo ambalo lisingefanywa kwa mama wa Marekani? Waliotetea walijibu kwamba katika nchi hizo mama asingepata dawa yoyote nje ya utafiti, na kwamba bila kundi la kulinganisha isingejulikana kama tiba fupi ina faida. Mwezi Februari 1998, baada ya utafiti wa Thailand kuonyesha kwamba tiba fupi ya zidovudini hupunguza maambukizi, akina mama wapya waliacha kuingizwa katika kundi la plasebo la Petra. Mwaka 2000, Azimio la Helsinki, ambalo ndilo mwongozo wa madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, lilirekebishwa na kuweka masharti makali zaidi juu ya matumizi ya plasebo.

Matokeo ya Petra yalifundisha mambo mawili. Kwanza, dawa zilisaidia: watoto walipopimwa wakiwa na wiki 6, asilimia 5.7 ya watoto wa kundi lililotumia dawa kwa kipindi kirefu zaidi walikuwa wameambukizwa, ikilinganishwa na asilimia 15.3 ya kundi la plasebo. Pili, watoto hao walipofikisha miezi 18, tofauti kati ya makundi ilikuwa imepungua sana, kwa sababu wengi waliendelea kunyonya huku mama akiwa ameacha dawa. Akina mama wa Dar es Salaam, Kampala, Durban na Soweto walikuwa wameionyesha dunia kwamba kumlinda mtoto siku ya kuzaliwa pekee hakutoshi.

Mwaka 1999, utafiti mwingine wa Kampala ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, na dozi ndogo ya dawa hiyohiyo kwa mtoto baada ya kuzaliwa, kilipunguza maambukizi kwa karibu nusu kikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Hata hivyo, serikali ya Afrika Kusini iliruhusu dawa hiyo katika vituo viwili tu kwa kila jimbo. Chama cha kiraia cha Treatment Action Campaign kilikwenda mahakamani, na mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi hivyo viondolewe. Maarifa yaliyopatikana kwa ridhaa ya akina mama wa Uganda yakawa sehemu ya hoja iliyowafungulia mlango akina mama wa Johannesburg.

Leo utaratibu umebadilika kabisa. Mjamzito hupimwa virusi katika hudhurio la kwanza na hupimwa tena baadaye. Akikutwa navyo, huanza dawa za kufubaza virusi mara moja na kuendelea nazo maisha yote, ikiwa ni pamoja na kipindi chote cha kunyonyesha. Mtoto wake hupimwa mapema, kuanzia anapozaliwa. Sababu ya kupimwa mapema nayo ilitokana na utafiti: mwaka 2008, majibu ya jaribio lililofanyika Soweto na Cape Town yalionyesha kwamba watoto wachanga wenye virusi walioanza dawa mara moja, badala ya kusubiri hadi waonyeshe dalili, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 76. Mwaka mmoja kabla ya kuchapishwa kwa matokeo hayo, bodi huru ya usalama ilikuwa imekwishaona tofauti hiyo na kushauri watoto waliokuwa wakisubiri wachunguzwe upya ili waanzishiwe dawa. Ndiyo kazi ya bodi hiyo: kuutazama utafiti ungali unaendelea, na kuusimamisha inapobidi.

Matunda ya utafiti ndani ya kliniki ya leo

Mahudhurio manane. Mama aliyejifungua mtoto wa kwanza nyumbani Afrika Mashariki miaka ya nyuma huenda aliambiwa kwamba mahudhurio manne yanatosha. Ushauri huo ulitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanyika Argentina, Kuba, Saudi Arabia na Thailand. Uchambuzi mpya wa takwimu hizohizo, uliochapishwa mwaka 2013, uligundua kwamba pale mahudhurio yalipopunguzwa, vifo vya watoto tumboni viliongezeka, hasa kati ya wiki ya 32 na ya 36. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo mwaka 2016, na Afrika Kusini ikaufuata mwaka 2017. Hudhurio la kwanza hutakiwa kufanyika kabla au karibu na wiki ya 12. Yanayofuata ni wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mama anayeambiwa arudi mara kwa mara hasumbuliwi. Analindwa katika wiki ambazo hatari hujificha.

Vidonge vya kalsiamu. Pamoja na madini ya chuma na foliki asidi, mjamzito hupewa kalsiamu ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la ujauzito, ambalo huweza kuishia katika kifafa cha mimba. Mwaka 2024, matokeo ya tafiti mbili, moja ya India na nyingine ya Tanzania, kila moja ikiwa na wanawake 11,000, yalionyesha kwamba katika kuzuia tatizo hilo dozi ya miligramu 500 kwa siku haikuwa duni kuliko dozi ya miligramu 1500. Hata hivyo, mama hapaswi kubadilisha dozi aliyopewa. Muuguzi ndiye atakayemweleza kiasi chake. Kalsiamu na vidonge vya chuma humezwa kwa nyakati tofauti za siku, kwa kuwa vikimezwa pamoja kimoja huzuia kingine kufyonzwa vizuri.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua. Kwa muda mrefu wakunga walikadiria kwa macho kiasi cha damu kilichomwagika, na macho hudanganya. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kuhusisha uzazi wa wanawake zaidi ya 210,000. Chini ya mama anayejifungua kiliwekwa kitambaa cha plastiki chenye mfuko na alama za vipimo. Damu ilipofikia alama ya hatari, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa za kulikaza, kutoa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, kuweka dripu, na kumchunguza mama ili kutafuta chanzo. Idadi ya akina mama waliotokwa na damu nyingi kupita kiasi, waliohitaji kupasuliwa kwa sababu hiyo, au waliofariki ilipungua kwa asilimia 60. Kwa hiyo mama akiona mfuko huo umewekwa chini yake, na tumbo lake likikandwa kwa nguvu baada ya kujifungua, ajue kwamba si ukatili wala si jaribio.

Watoto njiti. Zamani mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo sana alitengwa kwanza na mama hadi hali yake itulie. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusu watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa walipungukiwa na vifo kwa asilimia 25 wakilinganishwa na wale waliosubiri. Huduma hiyo huitwa mama kangaruu. Bibi, baba au dada wa mama naye huweza kumbeba mtoto hivyo mama anapopumzika.

Chanjo ya kuhara. Virusi vya rota husababisha kuhara kukali kwa watoto wachanga. Utafiti wa Afrika Kusini na Malawi, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 4939, ulionyesha kwamba chanjo hupunguza kuhara huko kwa asilimia 61. Afrika Kusini iliianza mwaka 2009. Kila chanjo ya mtoto huandikwa katika kijitabu cha Road to Health, ambacho mama hupewa mtoto anapozaliwa. Kitunzwe pamoja na nyaraka muhimu za kaya.

Matibabu hayategemei utafiti

Sheria ya Taifa ya Afya ya mwaka 2003 inasema kwamba wajawazito, akina mama wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 6, ambao si wanachama wa bima binafsi ya matibabu, wapewe huduma bure katika vituo vya umma. Mwezi Aprili 2023, Mahakama Kuu ya Johannesburg ilitoa amri kwamba haki hiyo haitegemei uraia wala nyaraka za ukaazi, na kwamba inahusu hospitali pamoja na kliniki. Mtu asiye mtumishi wa kituo, anayesimama langoni na kudai pasipoti ya mjamzito, hana mamlaka ya kumzuia asiingie. Mama anayezuiwa atafute msimamizi wa kituo, na ikibidi asaidiwe na shirika la msaada wa kisheria.

Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na utafiti. Kwa kuwa matibabu ni haki, hakuna mtafiti anayeweza kuyafanya kuwa malipo ya kushiriki, wala kuyaondoa kama adhabu ya kukataa.

Mama anapoalikwa katika utafiti

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini mazungumzo ya namna hii ndiyo yanayopaswa kufanyika.

Mama wa miaka 24, mwenyeji wa Uvira, anaishi Yeoville pamoja na mume na mama mkwe wake. Akiwa na ujauzito wa wiki 26, amekwenda kliniki na mama mkwe. Baada ya kupimwa, muuguzi wa utafiti, akisaidiwa na mkalimani, anamweleza juu ya chanjo inayochunguzwa.

"Sista," anauliza mama, "nikikataa, mtoto wangu atanyimwa chanjo zake?"

"Hapana, mama. Chanjo za mtoto na mahudhurio yako yatabaki palepale, ukikubali au ukikataa."

"Na nikikubali, halafu nikabadili mawazo?"

"Unaweza kutoka siku yoyote. Hutaulizwa sababu, na utaendelea kutibiwa hapa."

Mama mkwe anaingilia: "Binti yangu, tusaini tu tuondoke. Hawa ni wakubwa."

"Mama," anajibu muuguzi kwa heshima, "leo hapana haja ya kusaini. Chukueni karatasi hii, mkaisome nyumbani na mume wake. Lakini uamuzi utakuwa wa mama mwenyewe."

Mfano huu unaonyesha kanuni zinazolinda washiriki:

1. Ridhaa hutolewa baada ya maelezo kueleweka. Maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mama anaielewa. Ikiwa ni lazima kuwe na mkalimani, mama aombe mtu mzima, na si mtoto wake wa shule.

2. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 huamua mwenyewe. Kushauriana na mume au wazazi ni jambo jema, lakini sahihi yao haiwezi kuchukua nafasi ya sahihi yake. Aliye chini ya umri huo huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, pamoja na ridhaa yake mwenyewe pale anapoweza kuelewa.

3. Utafiti wa afya hupitiwa kwanza na kamati ya maadili ya utafiti. Jaribio la dawa au chanjo mpya huhitaji pia kibali cha mamlaka ya kudhibiti bidhaa za afya, ijulikanayo kama SAHPRA. Jina na simu ya kamati ya maadili huandikwa katika fomu, na mshiriki anaweza kuwasilisha malalamiko huko moja kwa moja.

4. Mshiriki hurudishiwa nauli na kufidiwa muda wake. Malipo hayo si bei ya mwili wake wala wa mtoto wake, na hayapaswi kuwa sababu pekee ya kukubali.

5. Mshiriki hupewa nakala ya fomu aliyosaini. Karatasi isiyoeleweka isisainiwe.

Maswali ambayo mama anaweza kuuliza kabla ya kuamua ni haya: Utafiti huu unatafuta jibu la swali gani? Nini kitafanyika kwangu au kwa mtoto, na mara ngapi? Je, kuna kundi la plasebo? Ni madhara gani yanajulikana, na nani atagharamia matibabu yakitokea? Damu itakayochukuliwa itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Nani ataona majibu yangu? Utafiti ukifaulu, je, akina mama wa hapa watapata dawa hiyo?

Swali la mwisho lisionekane dogo. Ndilo lililokuwa kiini cha mjadala wa miaka ya 1990, na mama ana haki ya kulijibiwa.

Dalili za hatari

Iwe mama anashiriki utafiti au hashiriki, dalili zifuatazo hazisubiri tarehe ya kliniki: kutokwa na damu ukeni, maumivu makali ya kichwa au kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono kwa ghafla, degedege, homa kali, maji ya uzazi kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Baada ya kujifungua, damu inayolowanisha pedi moja baada ya nyingine, homa, au kupumua kwa shida ni hatari. Kwa mtoto mchanga, dalili ni kushindwa kunyonya, kulegea, degedege, kupumua haraka au kwa kukoroma, mwili kuwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, na macho au ngozi kuwa ya manjano.

Gari la wagonjwa huitwa kwa simu namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi. Anayepiga ataje mtaa, namba ya nyumba na njia panda iliyo karibu.

Muhtasari

Matibabu ya mjamzito na ya mtoto mdogo ni haki. Utafiti ni mwaliko. Mengi yanayofanywa leo katika kliniki za Johannesburg yaligunduliwa kwa msaada wa akina mama wa Soweto, Dar es Salaam, Kampala na kwingineko, ambao walikubali kuulizwa maswali na kupimwa. Aliyekataa hakukosea, na aliyekubali hakudanganywa, mradi kila mmoja alielezwa akaelewa. Kosa pekee lisilorekebishika kwa urahisi ni kukaa mbali na kliniki kwa hofu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya chanjo ya kawaida ya mtoto na chanjo inayochunguzwa?
2. Kwa nini mahudhurio manne ya kliniki hayahesabiwi tena kuwa yanatosha?
3. Utafiti wa Petra ulifundisha nini kuhusu kipindi cha kunyonyesha?
4. Mama akiombwa kusaini fomu ya utafiti leo, ni maswali gani matatu atakayouliza kwanza?
5. Dalili ya hatari ikitokea usiku, nani katika kaya atapiga simu, na nani atabaki na watoto wengine?